Kaka Yako Kwenye Foleni ya Vitabu

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya duka la saruji,
Jumapili, mwezi wa kwanza.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute umeamka salama. Hujambo? Goti linasemaje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukisimama muda mrefu kwenye zile mashine za kufulia, na mimi tangu hapo kila nikisimama kupiga pasi nalikumbuka goti lako kama ni langu. Usinyanyue mashuka ya hospitali yakiwa yamelowa, wifi. Mwambie msimamizi wako kwamba shuka lililolowa lina uzito wa mtu, na wewe si punda. Na ule. Najua ukiwa peke yako unakunywa chai tu halafu unasema umeshiba.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama yupo, macho yake ni yale yale, mtu akisimama mlangoni anamwambia karibu kwanza halafu ndiyo anauliza wewe nani. Mwandiko wangu uuvumilie. Unajua shule niliiacha mapema, naandika kama ninavyosema, na mahali pengine nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu mimi nikianza nalia, na wewe unalia, vocha inaisha hakuna aliyesema kitu. Kwenye karatasi naweza kwenda kulia kando halafu nikarudi.

Mama ameniambia umelalamika kwamba kaka yako hapokei simu zako. Eti labda ana kinyongo kwa kuwa hukuja kwenye mazishi. Wifi yangu, hilo litoe moyoni leo leo. Hakuna mtu humu ndani aliyekusema. Tunajua ulinyimwa ruhusa kazini, na tunajua ulikesha unalia kwenye chumba cha kufulia, yule mwenzako alitueleza. Sababu ya simu ni nyingine, nimeijua kwa kumwangalia tu. Wewe na mwanetu mlikuwa na jina moja. Tulimpa jina lako siku ile ile aliyozaliwa. Sasa ukipiga, simu ya kaka yako inaandika jina hilo pale kwenye kioo, herufi zile zile. Mara ya kwanza baada ya mazishi alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka. Tangu hapo simu ikiita anaigeuza kifudifudi, anaendelea kugonga viatu vya watu. Hakukimbii wewe. Anakimbia zile herufi.

Nimekuandikia kwa sababu nina jambo nataka uniamulie. Linamhusu yeye, na linamhusu Chiriku, huyu mdogo wetu aliyebaki. Naogopa tukikaa hivi kaka yako atakuwa na mtoto hapa nyumbani asimwone. Lakini siwezi kukueleza bila kupitia foleni ya vitabu, maana mambo yalianzia huko.

Wewe uliondoka zamani, labda umesahau mwezi wa kwanza ulivyo hapa. Duka la vitabu vya shule la kutegemewa ni moja, lile lenye dirisha la nondo linalotazamana na famasi. Vitabu vinakuja kwa maboksi, havitoshi, na wazazi wanapanga foleni kuanzia dirishani, inafuata ukuta, inakata kona mpaka kwa kinyozi. Hapo zamani ilikuwa vurugu. Wanawake wanasukumwa, mtu anatoka na kitabu kimoja mkononi na shati halina vifungo. Aliyeiweka sawa foleni ile ni kaka yako. Hakutumwa na mtu. Alianza tu kusema, na kwa kuwa anasema kwa utani, watu wakamsikiliza.

Aliwafundisha kwamba ukifika usiulize mwanzo uko wapi, uliza wa mwisho ni nani. Atakayejibu "mimi", huyo ndiye utakayemtazama kisogo mpaka dirishani. Mwenye mtoto mgongoni apite, mjamzito apite, mzee apite, hao hawaulizwi. Na ukitaka kwenda kunywa maji, acha kitu mahali pako. Watu walikuwa wanaacha mawe. Kaka yako aliyapiga teke mawe yote. "Jiwe halina mtoto shuleni!" akasema. "Acha kiatu kimoja. Mwenye kiatu kimoja haendi mbali." Na viatu vya mtaa mzima anavijua, si ndiye anayevishona? Mtu akija kudai nafasi kwa kiatu kisicho chake anaambiwa, "Soli ya hicho nimebandika mimi, mwenyewe ana mguu mpana kama sinia. Wewe rudi kwa kinyozi." Watu wanacheka, jua wanalisahau. Ndipo wakamwita Rula.

Kuna na wale wenye tai, wanaokuja moja kwa moja mpaka mbele na kusema, "Mimi naulizia tu." Hao ndio alikuwa anawapenda. "Kuulizia nako kuna foleni, mkubwa. Karibu nyuma, uulizie kwa raha zako."

Wajina wako alikuwa anaongozana naye kila mwaka. Anatembea kando ya mstari, mikono nyuma kama karani, anawaambia watu wazima, "Mama, umetoka nje ya mstari." Wakamwita Shangazi hata huko foleni, kama tulivyokuwa tunamwita hapa nyumbani. Ukimtazama kwa nyuma ulikuwa ni wewe mtupu.

Mwaka huu angeingia la saba.

Nimeandika hapo nikaenda kukoroga uji wa Mama. Nimerudi.

Mwaka huu wanasema mtaala umebadilishwa, vitabu vya zamani havitumiki, kila mtoto anunuliwe vipya. Wazazi wengine walinung'unika mpaka basi. Mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Chiriku siku zote amesomea vitabu vya dada yake. Mwaka huu nani kati yetu angefungua kabati na kuvitoa?

Basi nikamwambia kaka yako niende mimi kununua. Akasema, "Foleni ni kazi yangu." Wifi, yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema wiki ile. Nilifurahi, nikampigia pasi shati lake la bluu, nikamwekea maji kwenye chupa. Akaondoka asubuhi, akarudi jioni mikono mitupu. Nikamuuliza, akasema foleni ilikuwa ndefu. Nikasema sawa, ndivyo zilivyo foleni. Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Chiriku alikuwa anamsubiri mlangoni, anaangalia mikono yake kwanza kabla ya kumsalimia. Halafu akaacha kusubiri. Na yule mtoto unavyomjua, tulimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika hata akiwa usingizini. Siku hizi unaweza kumsahau chumbani.

Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na mwalimu wao alishatangaza kwamba asiye na vitabu asihangaike kuja.

Siku moja msusi wa hapa jirani alikuja kuchukua nguo zake alizoleta nimpigie pasi, akakaa, akanisifia mume. "Mama, mume wako ana ustaarabu! Nilimkuta yeye ndiye wa mwisho, akaniambia nipite mbele yake. Nimenunua, nimetoka, namwona bado yuko kule kule kwa kinyozi." Nikasema ahsante, nikajua alimpisha kwa sababu ya mimba yake. Baadaye akaja mke wa fundi umeme, huyo hana mimba wala mtoto mgongoni, na maneno yake yalikuwa ndiyo yale yale. "Alinipisha." Akaja pia mzee muuza vioo kuleta suruali, naye akashukuru, akacheka. "Rula siku hizi amekuwa mpole. Zamani angenirudisha kwa kinyozi na mvi zangu."

Nilizima pasi, wifi. Nilimwomba Mama akae na Chiriku, nikavaa viatu, nikaenda.

Nilisimama upande wa famasi, nikajificha nyuma ya mwavuli wa muuza vocha. Foleni ilikuwa imekata kona kama kawaida. Kaka yako alikuwa wa mwisho kabisa, amesimama wima, shati la bluu, mikono kando, anatazama chini. Akaja mama mmoja na mfuko. Nikamwona anauliza wa mwisho ni nani. Kaka yako akasema kitu, akarudi nyuma hatua, yule mama akaingia mbele yake. Akaja baba mmoja, hivyo hivyo. Wakaja wengine wawili pamoja, wanabishana mambo ya mpira, akawapisha wote wawili na hawakuacha kubishana hata kumshukuru. Mstari ulikuwa unasogea, watu wanatoka na vitabu, na yeye haondoki pale alipo. Alikuwa kama mlango.

Halafu akatokea mwenye tai. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele, nikamsikia, "Mimi naulizia tu!" Watu wakageuka wote kumtazama kaka yako. Walikuwa wanasubiri, wengine wameshaanza kucheka kabla. Mama mmoja muuza mitumba, mwenye sauti kama kengele, akapiga kelele, "Rula! Mteja wako huyo!"

Kaka yako hakuinua hata kichwa.

Yule mwenye tai akaulizia, akanunua, akaondoka zake. Wifi, mimi nimemuona kaka yako akimbeba mwanetu kwenda hospitali, nimemuona akishika koleo makaburini. Lakini sikuwa nimemuona hivyo.

Nikavuka barabara. Sikujua nitasema nini. Nikaenda tu kusimama nyuma yake, kama mtu yeyote aliyekuja kununua vitabu. Akahisi kuna mtu. Bila kugeuka akasema kwa sauti ya chini, ya adabu sana, "Pita, mama. Mimi sina haraka."

Sikupita. Akasubiri. Akasema tena, "Pita tu, mama." Nikabaki pale pale nyuma yake. Ndipo akageuka nusu, macho bado ameyainamisha, akaona viatu vyangu. Ni vile vya wazi ambavyo alishona kamba kwa uzi mwekundu siku uzi mweusi ulipokwisha. Alivitazama muda mrefu.

"Pasi umemwachia nani?" akaniuliza.

"Nimezima."

"Rudi nyumbani. Nitaleta vitabu."

"Sirudi," nikamwambia. "Wa mwisho ni mimi."

Akageukia mbele. Mstari uliposogea hakusogea, nikamgusa mgongoni kwa kidole, kama ninavyomgusa Chiriku asubuhi aamke. Akasogea. Akaja mtu akauliza wa mwisho ni nani, kaka yako akafungua mdomo, nikamwahi, "Mimi hapa, panga nyuma yangu, baba." Unajua mimi si msemaji mbele za watu. Siku ile nilisema. Kila aliyekuja nilimpanga. Yule mama wa mitumba akageuka akatuona, akacheka, "Leo Rula kaletewa msimamizi wake!" Watu wakacheka. Mimi nikacheka kidogo kwa ajili yao. Mgongo wa kaka yako ulikuwa umelowa jasho mpaka shati limegeuka rangi, na hapo tulikuwa kivulini.

Tukapita kwa kinyozi, tukakata kona. Kadiri dirisha lilivyokaribia ndivyo hatua zake zilivyozidi kuwa fupi. Mara mbili alitaka kutoka kwenye mstari, akasema ana kiu. Nikampa chupa. Akasema ana haja ya kwenda pale nyuma. Nikamwambia, "Acha kiatu." Alinitazama, wifi. Nilidhani atakasirika. Hakuvua kiatu wala hakwenda.

Sikuwa najua bado anaogopa nini. Nilijua tulipofika.

Yule mzee wa dirishani, mwenye miwani iliyofungwa kamba, anakaa upande wa pili wa mji, habari zetu hazikuwa zimemfikia. Alipomwona kaka yako alifurahi kama amemwona ndugu. "Bwana Rula! Mbona umepotea? Haya, Shangazi yetu yuko wapi leo, yuko huko nyuma anapanga watu? Anaingia la ngapi mwaka huu?" Na alikuwa ameshaanza kunyanyuka kwenda kwenye rafu.

Ndilo swali alilokuwa analikimbia. Kila mwaka yule mzee humuuliza vile, kwa jina lile, kwa furaha ile.

Kaka yako alishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Nyuma wakaanza, "Songeni huko mbele!" "Dirisha si la kulala!" Nikataka kujibu mimi, nimwambie yule mzee, tumalize. Nikafungua mdomo. Kaka yako akaniinulia kiganja, kwamba ninyamaze.

"Shangazi alifariki," akasema. "Tulimzika. Nataka vitabu vya mdogo wake. La nne."

Tangu mazishi alikuwa hajalitamka hilo neno. Watu wakija kutoa pole alikuwa anasema ahsante tu, ahsante tu. Yule mzee alisimama pale pale alipofika, akavua miwani ikabaki inaning'inia shingoni. Mama wa mitumba alikuwa karibu, alisikia. Akageuka nyuma na sauti yake ile yote, lakini akasema polepole, na aliyemsikia akamwambia wa nyuma yake, na huyo akamwambia wa nyuma yake, mpaka nikaona wanaume kule kona wanavua kofia. Hakuna aliyesema songeni tena.

Mzee akaleta vitabu, akavipanguza kimoja kimoja kwa mkono wa shati, akavifunga kwa kamba. Kaka yako akavipokea. Halafu hakuondoka. Alibaki pale dirishani, vitabu kifuani, anatazama ndani mwa duka kama kuna kingine alichosahau kuagiza. Foleni yote ile ikasimama, jua lile, watu wana kazi zao, watoto wanalia migongoni. Wakamsubiri. Nilimwacha mpaka alipochoka mwenyewe, ndipo nikamshika mkono tukaenda nyumbani. Njia nzima vitabu alibeba yeye.

Ungeniuliza jioni ile ningekuambia tumevuka. Alikula. Alimwita Chiriku mezani, akaomba kalamu. Unajua desturi ya kaka yako, vitabu vikija ni lazima yeye mwenyewe aandike jina la mtoto ndani, kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko ule wake wa kujipinda anaoujivunia kuliko hata viatu. Alifungua cha kwanza, akakilaza, akaandika taratibu. Akapuliza wino. Akafungua cha pili. Chiriku alikuwa amesimama begani kwake, ametulia. Mimi nilikuwa jikoni namtazama kwa mbali, nikasema ndani ya moyo wangu, ahsante Mungu, ameanza kurudi. Alipomaliza akamkabidhi vyote, akamwambia, "Haya, mama, kasome." Akalala mapema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimsikia anakoroma.

Shule ikafunguliwa. Siku chache baadaye mwalimu wa Chiriku akaniita. Nilikwenda mbio, maana yule wa kwanza aliugulia shuleni, na siku ile niliitwa hivyo hivyo. Mwalimu ni binti mdogo, mpole, hana ubaya. Akaniwekea vitabu mbele yangu, akafungua kimoja. "Mama, hili jina ni la nani?"

Mimi husoma polepole, naenda na kidole. Lile jina sikuhitaji kidole.

Kaka yako ameandika jina la wajina wako, wifi. Vitabu vyote. Hakukosea hata herufi, mwandiko mzuri ajabu, na darasa ameandika la nne. Hata leo hajui alichofanya. Mkono ulikwenda wenyewe, umezoea miaka yote kuanza na jina lile kila vitabu vipya vikiingia nyumbani.

Mwalimu akasema, "Nimemwambia afute aandike lake, maana vitabu vinachanganyika na kupotea. Amekataa. Mtoto huyu hajawahi kunikatalia kitu."

Nilimchukua tukarudi kwa miguu. Nilimuuliza njiani, kwa upole, "Mama, ulimwona baba akiandika?"

"Nilimwona."

"Kuanzia kitabu cha kwanza?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Akatembea kidogo. Akasema, "Alikuwa anaandika vizuri, mama."

Nikambeba, ukubwa wake ule, nikambeba mpaka kwenye duka la saruji, pale nikamshusha kwa kuwa watu wanatazama.

Nikadhani ndiyo mwisho wake. Siyo. Juzi niliwahi kumpitia shuleni, nikawakuta wanacheza uwanjani. Wenzake wengi ni wageni kwake, darasa limechanganywa mwaka huu, jina walilolijua ni lile lililoandikwa kwenye vitabu. Wanamwita hilo. Nilisikia kitoto kimoja kinaita kwa sauti, lile jina, katikati ya uwanja, na moyo wangu ukageuka kumtafuta aliyeitwa, kama vile atatokea. Aliyekimbia kuja ni Chiriku.

Anaitika, wifi. Wanamwita jina la dada yake na anaitika.

Nyumbani anavificha vile vitabu. Baba yake akiingia anavifunga, anavikalia. Anasoma kwa kunong'ona. Na kaka yako sasa anazungumza kidogo, jana alimtania mteja mmoja kuhusu kisigino, nilisikia kwa masikio yangu. Naogopa nikimwambia nitamrudisha kule kwa kinyozi. Naogopa nisipomwambia, huyu aliye hai atazoea kuwa yule aliyekufa, kwa kumwonea huruma baba yake, na siku moja nikimwita kwa jina lake mwenyewe asigeuke. Kufuta mwenyewe kwa siri nimejaribu kitabu kimoja, nilishika kifutio cha wino, nikakirudisha. Yule ni mwanangu ninayemfuta.

Mama hajui. Mwalimu amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Sina mwingine wa kumuuliza ambaye nikimwambia hili ataelewa bila kunipa pole. Usinitumie kitu, wifi, wala usihangaike na ruhusa kazini. Nataka uniambie tu. Nimwite kaka yako, nimfungulie ukurasa aone mwenyewe, au nivumilie kwanza? Na kama ni kumwonyesha, niseme nini mbele ya Chiriku? Fikiria nawe ukiwa kwenye mashine zako, usiharakishe, lakini usichelewe.

Chiriku anakusalimu, ameniambia niandike kwamba jino la pembeni limeng'oka na lingine linacheza. Mama anakusalimu, anasema ukila usile umesimama. Msusi naye, anasema nywele zako ukija atakusuka bure, nawe ukubali maana amejifungua mtoto wa kike na ana furaha. Kaka yako hajui kwamba naandika, lakini nimeweka salamu zake humu, naamini angezituma. Nisalimie yule mwenzako wa kwenye mashuka, mwambie hatukumsahau kwa alivyokushika siku ile.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akupoze goti, akupe usingizi usio na ndoto mbaya, na atukutanishe tukiwa wazima.

Nimekuuliza wewe kwa sababu hilo jina ni lako, lilikuwa lako kabla halijawa lake. Mwenye haki ya kusema litoke kwenye vile vitabu ni wewe. Sema utakavyosema, nitafanya.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama tumezaliwa tumbo moja,

Mama Chiriku